Damu au mazingira: mawazo ya kujiua kwa vijana

Hapa Kasulu, Tanzania, kijana akisema amechoka kuishi, wengi wetu huuliza kwanza: kwao yupo aliyewahi kujiua? Swali lina mantiki. Tafiti za mapacha zinakadiria kuwa urithi unachangia takriban asilimia 30 hadi 50 ya hatari ya kujiua. Ila hakuna jeni moja ya kujiua. Kinachorithiwa ni wepesi wa kupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), au kutenda kwa pupa.

Mazingira ndiyo yananiuma zaidi: kipigo, kubakwa, kuonewa shuleni, msiba, kukimbia vita utotoni kama wengi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Damu hatuibadilishi, haya tunaweza kuyapunguza. Tena mawili hayo hukutana: mwenye urithi huo anaweza kuumizwa zaidi na kipigo kile kile.

Muulize mwanao waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Simu ya watoto, 116, ni bure.