Bafle (spika) za sinema kwa saloni iliyopinda: nilichochagua nyumbani kwetu Bel-Air, Lubumbashi

Nyumba nyingi za zamani hapa Bel-Air zina saloni ambayo huwezi kujua televisheni ikae wapi. Waliozijenga walifikiria baridi ya usiku wa Juni na mvua ya Januari. Yetu ina urefu wa mita 6.8 na upana wa mita 3.9, kisha upande wa kulia inapinda kwenda mahali pa kulia chakula, bila ukuta wala mlango. Kushoto kuna shemine ya matofali, na bado tunaiwasha msimu wa baridi. Nyuma karibu ukuta wote ni dirisha linalotazama baraza. Mbele kuna mlango wa kuingilia. Ukitoa mlango na ule uwazi, unabaki na kipande kimoja cha ukuta mzima, mita 2.6. Televisheni ya inchi 55 imekaa hapo kwa sababu hakuna pengine, na kochi limeipa dirisha mgongo.

Kwa hiyo ukienda dukani na saloni ya namna hii kichwani, usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kuchora. Mimi nilichora kwenye karatasi ya hesabu, sentimita moja kwa nusu mita, nikaonyesha kila mlango, kila dirisha na kila soketi. Karatasi hiyo ndiyo iliyokataa seti nyingi kabla sijafungua pochi.

Kilichonisukuma ni baba. Alifanya kazi mgodini miaka mingi kando ya mashine, na masikio yake yamepoteza zile sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno. Anasikia kwamba mtu anaongea, hajui anasema nini. Bafle ndogo za televisheni zinatazama chini au nyuma, sauti inapiga ukuta kwanza ndipo ije kwake. Kila filamu ilikuwa na swali lake: "Mama, amesema nini huyo?" Nami, ambaye kila Jumapili nashika miksa ya kwaya na kuhakikisha mama wa benchi la mwisho anasikia kila neno la wimbo, niliona haifai mzee akose maneno katika nyumba yake mwenyewe. Mlipuko na ngurumo vilikuwa jambo la pili. Nilitaka maneno.

Katika maduka ya katikati ya mji, pande za Posta Kubwa, utakuta njia tatu: seti ya sanduku moja yenye bafle tano na sabufa (bafle kubwa ya besi), saundiba (baa moja ndefu yenye bafle ndani, inayokaa chini ya televisheni), au ampli ya sinema na bafle zinazonunuliwa mbalimbali.

Seti za sanduku ndizo zinazopendeza macho. Bafle nne ndefu zinazosimama kama walinzi, taa za bluu, na karatasi kubwa imeandikwa wati 1,200. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma. Pale pameandikwa umeme kinaotumia. Nilikuta kimoja chenye wati 1,200 mbele na wati 65 nyuma. Kifaa hakiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu kisiyoipokea kutoka ukutani, na sehemu ya hizo 65 inaishia kuwa joto. Ule wati elfu ni kilele cha kitambo kidogo sana, kwenye karatasi tu. Jambo jingine, ukiongeza nguvu mara mbili kamili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mabadiliko ambayo sikio linayatambua lakini hayakushangazi. Usinunue kwa wati. Omba wakuwekee mtu anayeongea, habari za redio zinatosha, kwa sauti ya chini. Seti niliyojaribu ilimfanya mtangazaji aongee kutoka ndani ya pipa. Kwa muziki wa sherehe uwanjani inaweza kumfaa mtu. Kwa baba yangu, hapana.

Saundiba ilinivutia kwa kweli. Shemeji alituazima yake mwisho wa juma, ya aina ile ambayo bafle mbili za nyuma zinachomoka mwisho wa baa na kukaa popote kwa betri, bila waya. Maneno yalikuwa wazi, kazi ya kufunga ni waya mmoja wa HDMI, na watoto waliipenda. Lakini saundiba za namna hiyo zinategemea kuta. Zinarusha sauti kushoto na kulia ipige ukuta irudi kwako, na nyingine zinairusha juu ipige dari. Kwetu kushoto kuna ukuta wa shemine, unarudisha. Kulia hakuna kitu, sauti inakwenda zake hadi kwenye kabati la vyombo. Filamu nzima ililalia kushoto. Na dari letu ni tripleksi (plaiwudi) ya zamani iliyolegea katikati ya mbao, wakati bafle za kurusha juu zinataka dari bapa na gumu. Kosa ni la nyumba. Kifaa kile kile kwa shemeji, chumba cha pembe nne chenye plafo ya zege, kinaimba vizuri sana.

Ikabaki njia ya tatu, nayo ndiyo niliyoichukua: ampli ya Yamaha RX-V385, okazyo (iliyokwisha kutumika) ya Ulaya, na bafle nilizokusanya pole pole. Ampli hii ilitoka mwaka 2018 na inaendesha bafle tano na sabufa. Sababu yangu kubwa ya kuitaka ni kipaza sauti kidogo kinachokuja nayo kwa ajili ya upimaji unaoitwa YPAO. Unakiweka pale kichwa kinapokaa, ampli inapiga milio kutoka kila bafle, inapima umbali na ukubwa wa sauti, kisha inarekebisha yenyewe. Ukinunua okazyo, dai kipaza sauti hicho kabla ya kulipa, maana mara nyingi kimebaki Ulaya. Angalia pia kibandiko cha umeme. Ndugu wa Marekani wanatuma vifaa kwa moyo safi, lakini chenye alama ya volti 120 peke yake kitaungua siku ya kwanza kwenye 220 yetu.

Sasa mpangilio. Bafle za mbele, kushoto na kulia, zimekaa pande mbili za televisheni, mita 2.2 kati yao, na sisi tunakaa kama mita 2.75 mbele. Hiyo inatoa digrii 22 kila upande. Dolby, kampuni ya teknolojia ya sauti za sinema, wanashauri kati ya 22 na 30, kwa hiyo tumegusa ukingo. Kutanua zaidi kungeweka bafle moja nyuma ya mlango unaofunguliwa. Nilichagua bafle fupi za kuweka juu ya meza, zenye tundu la hewa mbele. Zenye tundu nyuma, zikibanwa ukutani, besi inavimba na kufunika maneno.

Bafle ya katikati ndiyo niliyoilipia kuliko zote. Katika filamu iliyorekodiwa kwa njia 5.1, yaani bafle tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya mazungumzo inapita humo. Inakaa chini ya televisheni, na nimeiinua mbele kwa vipande viwili vya mpira ili itazame masikio badala ya magoti. Baada ya upimaji nikaiongezea desibeli 3 kwa mkono. Hapo ndipo baba aliacha kuuliza. Aliangalia filamu ya Kifaransa mpaka mwisho, halafu akaanza kunieleza mimi kwa nini yule mke alikuwa na haki. Kama una pesa ya kitu kimoja kizuri, inunue bafle ya katikati na ampli inayokuruhusu kuipandisha peke yake.

Bafle mbili za pembeni zilinisumbua zaidi kwenye ile karatasi. Kitabu kinasema zikae ubavuni au nyuma kidogo, digrii 90 hadi 110. Ubavu wetu wa kushoto uko mita 3, na wa kulia ni hewa tupu. Lakini pale saloni inapopinda kuna nguzo ya tofali, mita 1.8 kutoka kwenye kochi. Fundi aliitundika moja kwenye nguzo, nyingine kwenye ukuta wa shemine, mbali na joto, zote mbili mita 2 kutoka chini. Haziko sawa, jicho linaliona hilo mara moja. Sikio halilioni, kwa sababu sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde, tofauti ya mita 1.2 ni kama milisekunde 3.5, yaani sehemu tatu na nusu za elfu moja za sekunde, na ampli inaichelewesha ile ya karibu kwa kiasi hicho hicho na kuipunguza sauti. Hapa ndipo ampli ya kupima inalipa gharama yake. Saloni iliyopinda inahitaji kifaa kinachokubali kwamba kila bafle iko mbali kwa kipimo chake.

Waya zinapita juu ya tripleksi, ndani ya tibu ya plastiki kwa ajili ya panya. Milimita 1.5 mraba kwa za mbele, 2.5 kwa zile ndefu za pembeni. Nenda na wembe kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwaruza uzi mmoja: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Katika mji huu, ambao shaba yake inapakiwa kwenye malori usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inauma kuuziwa waya wa namna hiyo. Na hakikisha nyekundu inakwenda kwenye nyekundu pande zote mbili. Bafle moja ikigeuzwa, besi inapotea na sauti ya katikati inatawanyika.

Sabufa nayo ina siri yake. Chini ya hezi 80, yaani kwenye besi nzito, sikio haliwezi kusema vizuri sauti inatoka wapi, ndiyo maana sabufa inaweza kukaa popote. Lakini chumba kina maoni yake. Upana wa mita 3.9 unaamsha mlio wa karibu hezi 44, na mlio huo unakuwa mkubwa kabisa ukutani, hasa pale wengi wetu tunapoegemeza makochi. Kwanza nilisogeza kochi nusu mita kutoka dirishani. Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wa sauti wote wanalijua: niliweka sabufa juu ya kochi, nilipokaa mimi, nikapiga wimbo wenye besi inayotembea, nikatambaa kando ya kuta nikisikiliza. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa ukubwa ulio sawa, hapo ndipo sabufa ikae. Kwetu ni kati ya mlango na shemine, theluthi moja ya ukuta. Katika kona, ambako kila mtu angeiweka, vioo vya dirisha vilikuwa vinalia.

Piga makofi mara moja katikati ya saloni yako. Kwetu, juu ya sementi nyekundu iliyong'arishwa, kofi lilijibu kwa mtetemo wa chuma. Kapeti nene kati ya kochi na televisheni, na rido nzito za kukunjana mbele ya dirisha, ziliondoa sehemu kubwa ya mlio huo. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote.

Kitu kimoja kinachosahaulika: televisheni yenyewe. Waya wa HDMI uingie kwenye tundu lililoandikwa ARC, ndilo linalorudisha sauti ya televisheni kwenye ampli, kisha katika menyu ya sauti uondoe PCM na kuchagua Dolby Digital au Bitstream. Nyingi zikiachwa kwenye PCM zinatuma njia mbili tu, na bafle zako za pembeni zinakaa kimya au kubahatisha.

Kuhusu delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), ampli ya namna hii inakubali inverta, mradi iwe ya wimbi safi. Ile ya bei rahisi, ya wimbi la ngazi, ilitoa mlio wa nyuki katika bafle zote tano. Weka pia stabilizatere (kidhibiti cha volti), kwa sababu umeme unaporudi hurudi na pigo. Mvua ikipiga mabati Januari hakuna ampli itakayoishinda. Tunasimamisha filamu na kuongea.

Vyote pamoja havikufika dola 500, kwa okazyo na kwa subira. Ningenunua tena vile vile. Lakini kama unapanga, na mwenye nyumba hataki tundu moja ukutani, acha za pembeni: ampli, bafle mbili za mbele, ya katikati na sabufa. Hiyo ni 3.1, na maneno yatakuwa wazi kama yetu. Na kama kuta zako zote nne zipo na dari ni zege, mfuate shemeji yangu.