TAHADHARI: Kuna mtu anauza "ukazi" wa North Carolina kwa wazazi wenye watoto wa chuo. Kanipiga dola 3,400

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa wenye watoto wanaoingia chuo mwaka huu, naandika huku mikono inatetemeka. Baba watoto aliniomba ninyamaze, anasema tutachekwa. Nimenyamaza wiki tatu nimeshindwa, maana mtu huyu bado anaingia kwenye nyumba za watu, anawauzia karatasi za kumfanya mtoto aonekane mkazi wa jimbo ili alipe ada ndogo ya chuo.

Mliokuwa kwenye ule msiba wa Machi mnamjua. Ndiye aliyesimama akasoma michango dola kwa dola mbele ya watu wote, bahasha zote mkononi mwake. Mtu wa namna hiyo unaanzia wapi kumshuku?

Alikuja kwangu Jumapili jioni, mvua inanyesha. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala, lakini nikaingia jikoni nikampikia pilau. Kabla ya kula akaomba dua, akamwombea binti yangu kwa jina lake. Halafu akafungua faili la buluu lenye mifuko ya plastiki, barua juu ya barua. Akatoa moja, akafunika jina la mtoto wa watu kwa kidole gumba, akamwambia binti yangu, "Soma hapa, mwanangu." Pameandikwa kuwa ni mkazi. Akanigeukia: "Dada, huyu alikaa miezi mitatu tu. Leo analipa kama aliyezaliwa kule." Akatoa simu akapiga hesabu ya miaka minne, ada ya mgeni na ada ya mkazi, akaisogeza ile simu mbele yangu bila kusema neno. Mtoto akanitazama. Yale macho ndiyo yaliyonimaliza.

Msiniulize kwa nini hakusoma hapa Maryland tunakoishi. Fani aliyoitaka aliipata kule, na kule mtoto wa jimbo lingine anatozwa mara kadhaa ya anachotozwa mkazi. Baba yake yuko barabarani na lori, mimi nageuza wazee vitandani usiku. Tungezitoa wapi?

Alisema kazi yake ni mkataba wa pango Charlotte, huko North Carolina, bili ya umeme kwa jina la mtoto, barua ya mwajiri, na leseni ya udereva ya jimbo "ambayo ndiyo kila kitu". Dola 1,900 siku ile, 1,500 mtoto akishahamia. Nikatuma kwa Zelle, ile njia ya kutuma hela benki kwa benki kwa simu, nikiwa nimekaa naye mezani. Jina lililotokea halikuwa lake. Nikamwuliza, akasema, "Ni la shemeji yako, dada, yangu benki wameifunga kidogo." Nikabonyeza. Mungu wangu, niliona lile jina kwa macho yangu na bado nikabonyeza.

Februari mtoto akaacha kazi ya ghalani, tukapakia gari, tukaendesha usiku kucha. Chumba kipo, lakini mwenye nyumba hajui mkataba wowote, kalipwa mwezi mmoja taslimu basi. Kwenye sanduku la barua nikakuta majina ya watu sita wasioishi pale. Nikampigia, akacheka: "Hao ndio wenzake, dada, wote wameshaingia chuo." Nikatuma zile 1,500. Mtoto alikuwa ameshaacha kazi, ningerudi naye vipi?

North Carolina chuo hakiamui chenyewe nani ni mkazi. Kuna huduma moja ya jimbo zima, RDS, unajaza kwenye intaneti na hailipiwi hata senti. Mtoto akajaza, akapeleka zile karatasi. Jibu: si mkazi. Nilipopiga simu, dada mmoja akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Ni miezi 12 ya kuishi kule kweli kweli, si kwenda kwa ajili ya chuo. Mtoto ambaye wazazi wake wako jimbo lingine anahesabiwa wa huko kwa wazazi mpaka athibitishe vingine, na sisi kodi tumejaza Maryland na tumemwandika kuwa anatutegemea. Leseni peke yake haimfanyi mtu mkazi.

Bili ya umeme nayo? Kampuni inasema akaunti ile haijawahi kuwepo. Kwa hiyo mwanangu, mwenye green card, karatasi za kughushi zenye jina lake ziko mikononi mwa serikali. Hela inatafutwa. Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Na kinachoniuma zaidi: kuna vyuo vinne kule, UNC Pembroke, Western Carolina, Elizabeth City State na Fayetteville State, ambavyo kwa mpango wa NC Promise hata wa kutoka jimbo lingine analipa ada ya masomo dola 2,500 kwa muhula. Anaujua mpango huo, nina hakika anaujua. Hakutaja, kwa sababu pale hana cha kuuza.

Nataka afungwe. Sitaki kurudishiwa nusu, sitaki wazee wa jumuiya waje kutusuluhisha sebuleni. Kala jasho la usiku, kamtumia mtoto aliyemwombea dua! Afungwe, na huyo mwenye jina la Zelle naye.

Dalili za kumtambua: hatoi risiti, anatuma ujumbe wa sauti na kuufuta, alinikataza kupiga simu ofisi yoyote "wasije wakashtuka". Na hiyo miezi mitatu. Nasikia sasa yuko Columbus, Ohio, anawaimbia watu wimbo uleule. Ohio nako ni miezi 12.

Nimeshapeleka malalamiko FTC, ofisi ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya utapeli, na kwa Mwanasheria Mkuu wa North Carolina. Ijumaa naonana na wakili wa uhamiaji. Kama lile faili la buluu lilifunguliwa mezani kwako, niandikie kabla ya Ijumaa, hata kama hutaki jina lako litajwe.