Bisibisi Bapa ya Kutengenezea Cherehani: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika chaneli yetu, kutoka hapa Dodoma. Mezani nina kichwa cha cherehani ya Singer ya kukanyaga, seti mbili za bisibisi, panchi tatu, yaani vijiti vya chuma vya kusukumia pini, nyundo ndogo ya shaba na tupa moja. Wengi wenu mliuliza ni zana gani za mkono, zenye ubora na bei nafuu, zinazomfaa mtu anayetaka kuhudumia cherehani yake mwenyewe nyumbani. Zana zote nitazigusa, lakini sehemu kubwa ya muda wetu nitaitumia kwa bisibisi bapa, kwa sababu nimechoka kuona mashine nzuri zikiletwa na vichwa vya skrubu vilivyoliwa.

Tazameni seti hii yenye mishiko myekundu, aina inayopatikana kwa urahisi kwa wauza vifaa kuanzia Majengo hadi Sabasaba. Kwenye vyuma vyake pamechapwa maneno yanayodai kuwa ni chuma cha kromu vanadi, aina ya chuma kigumu cha zana, na huenda ni kweli, ila maandishi hayakuambii kama chuma hicho kilikazwa kwa moto ipasavyo. Hilo si kubwa kwangu. Kinachoniudhi ni umbo la ncha. Naomba kamera isogee karibu, tuitazame kwa ubavu. Mnaona jinsi inavyoanza nene huku juu na kwenda ikipungua hadi mwisho? Hiyo ni kabari. Sasa naiweka kwenye mfuo, yaani ule mchirizi wa kichwani, wa skrubu hii ya bamba la sindano, kile kibamba cha chuma kilicho chini ya sindano. Kuta za mfuo zimesimama wima, zinalingana kutoka juu hadi chini, lakini bisibisi yenye umbo la kabari inagusa kingo za juu tu, na huku chini pamebaki nafasi tupu. Nikiitikisa, inacheza. Nikiizungusha kwa nguvu, ule mteremko wa ncha unaisukuma ipande juu na kutoka, na inapotoka inakwangua kingo za mfuo, kisha inateleza na kuchora rangi ya mashine. Fundi akiona hivyo huongeza nguvu, na nguvu ile ndiyo inayomaliza kazi ya uharibifu.

Mtu anaweza kusema kwamba skrubu ikiharibika atanunua nyingine. Kwa cherehani za zamani jambo hilo si rahisi, maana skrubu zake nyingi zina hesi, yaani ile mizunguko ya kukazia, za vipimo vya peke yake. Kipimo kimoja kinachojulikana kwa mafundi ni 9/64 ya inchi yenye hesi 40 kwa kila inchi, na ukienda duka la vifaa vya ujenzi utapewa M3 au M4, yaani skrubu za unene wa milimita tatu au nne, ambazo hazikubali. Ukilazimisha, utaharibu tundu lenyewe, na hapo mama mshonaji aliyekuwa anategemea mashine hiyo atakaa siku nyingi bila kazi kwa sababu ya bisibisi isiyofaa.

Sasa angalieni seti ya pili. Ncha yake imesagwa pande zote mbili kwa mbonyeo, hivyo sehemu ya mwisho ina kuta zilizosimama sambamba, na inashuka hadi chini kabisa ya mfuo. Naiweka kwenye skrubu ile ile. Nageuza kichwa cha mashine kikae ubavu, naachia mkono, na bisibisi inabaki imesimama mahali pake kwa kitambo. Nazungusha, skrubu inafunguka, na mfuo hauna alama. Mafundi wa bunduki wanalipenda sana umbo hili, kwa kuwa tatizo lao ni hili hili la skrubu zenye mfuo mwembamba na mwenye mali asiyetaka kuona mkwaruzo. Kampuni ya Brownells ya Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya mafundi hao, inauza ncha za aina hii kwa unene na upana mbalimbali, kila moja kwa mfuo wake. Chagueni ncha inayojaza unene wa mfuo, na upana wake usizidi kichwa cha skrubu, kwa sababu ikizidi itachimba chuma cha pembeni.

Bei ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na nawaelewa. Ndiyo maana siwashauri kununua seti nzima. Nunueni mshiko mmoja unaopokea ncha za kubadilisha za robo inchi, yaani milimita 6.35, kisha tafuteni ncha tatu au nne zinazolingana na skrubu za mashine yenu. Yale masanduku makubwa yenye vipande mia na kitu, yanayosifiwa sana mitandaoni, yamejaa ncha za nyota ambazo cherehani ya kukanyaga haina kazi nazo.

Asiye na uwezo hata wa hizo anaweza kurekebisha bisibisi ya kawaida, na mimi naiheshimu sana njia hii. Kwanza jaribu chuma kwa tupa: ikikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, usipoteze nguvu zako. Kikiwa kigumu, saga pande mbili za ncha kwenye jiwe la kunolea hadi zisimame sambamba, ukipima mara kwa mara kwenye mfuo. Ukitumia mashine ya kusagia, chovya ncha kwenye maji kila baada ya kugusa kidogo, kwa sababu ikigeuka rangi ya bluu joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wake umeanza kupungua.

Zana nyingine hazihitaji gharama kubwa. Panchi iwe nyembamba kidogo kuliko pini unayoitoa, na anza na fupi, kwani panchi ndefu hujipinda kama pini bado imekaza. Nyundo ya shaba haiachi makovu kwenye chuma. Tupa nunua mpya, si ya mitumba, maana meno yakishaisha haifai tena. Ongezeni chupa ya mafuta ya taa, kwa sababu vumbi letu la kiangazi likichanganyika na mafuta ya zamani huganda kwenye skrubu, na tone la mafuta ya taa likiachwa usiku kucha hulegeza kilichoshindikana mchana.

Video ijayo itahusu tupa peke yake. Kabla ya hapo, pimeni kipenyo cha kichwa cha skrubu ya bamba la sindano kwenye mashine zenu, na unene wa mfuo wake, kisha andikeni vipimo hivyo hapo chini pamoja na jina la mashine, iwe Singer, Butterfly au nyingine, ili niandae orodha ya ncha za kununua kwa kila moja.