Gitaa la Resoneta la Koni Moja Kutoka Duka la Kisumu: Tathmini kwa Kipimo cha Wapigaji Wake Wakubwa

Gitaa ninalolitathmini hapa ni la resoneta, yaani lile lenye mfuniko wa chuma kifuani, mahali ambapo gitaa la kawaida lina tundu. Limetengenezwa China. Lina mwili wa mbao za tabaka, shingo ya mviringo kwa nyuma na koni moja ya alumini ndani, na niliuziwa kwa shilingi 38,000 katika duka moja la ala za muziki katikati ya jiji la Kisumu. Sitaji chapa wala duka, kwani magitaa ya kiwango hiki hufanana sana na mara nyingi hubandikwa majina mbalimbali na wanaoyaagiza. Kwa maoni yangu, mnunuzi asiulize kama ni zuri au baya. Aulize litamwezesha kumfuata mpigaji yupi. Anayependa bluzi za Mississippi atakaa nalo kwa furaha. Anayetamani mlio mrefu unaoteleza nyuma ya sauti ya mwimbaji wa kantri, na wapenzi wa kantri kuanzia Nakuru hadi Kitale ni wengi, asilinunue.

Sababu imo ndani ya mwili wa gitaa lenyewe. Resoneta ilibuniwa kabla gitaa halijaingizwa umeme, wakati mpiga gitaa aliyeketi karibu na tarumbeta na ngoma hakusikika hata akikaza mkono. Huko Los Angeles, mwanamuziki George Beauchamp alimwendea fundi John Dopyera, mhamiaji kutoka Slovakia, akitaka ala yenye sauti kubwa zaidi, na mwaka 1927 wakaanzisha kampuni ya National. Gitaa lao la kwanza lilikuwa na koni tatu nyembamba za alumini ndani ya mwili wa chuma: mtikisiko wa nyuzi hupita darajani, yaani kwenye kipande kinachozibeba nyuzi, huingia katika koni, na koni huutoa hewani kama spika isiyohitaji umeme. Haukupita muda mrefu Dopyera akajitenga, akaunda na ndugu zake gitaa la Dobro, ambalo koni yake ni moja, imelazwa kama bakuli, na juu yake kuna kiunzi chenye miguu minane kinachopeleka mtikisiko hadi ukingoni mwa koni. National nao wakatoa gitaa la bei nafuu lenye koni moja iliyoelekeza kilele chake kwenye nyuzi, na juu ya kilele hicho kipande kidogo cha mbao cha duara kinachoitwa biskuti. Gitaa la Kisumu limeiga aina hii ya mwisho, nalo limerithi tabia zake zote. Mlio hutoka mkali na kwa kishindo, kisha hukatika upesi.

Kukatika huko ndiko alikokutumia Son House, mwanabluzi wa Mississippi, vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1930, akasahaulika kwa miongo kadhaa, akapatikana tena mwaka 1964 akiishi Rochester, New York, na rekodi pamoja na picha za video za miaka iliyofuata zinamwonyesha na gitaa lake la National. Mkono wake wa kulia hauchezi nyuzi, unazipiga kofi. Nyuzi nene hulia kwa nguvu, kisha hufuata pengo ambalo mpigaji mwingine angelijaza kwa noti tano, naye analiacha wazi kabisa, halafu kipande cha chuma anachokivaa kidoleni ili kutelezea nyuzi kinapanda juu ya uzi mwembamba kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba kimesita kujibu. Uzuri wa upigaji wake uko katika pengo hilo. Gitaa lenye mlio mrefu lingeliharibu kwa sababu noti ya awali ingekuwa bado inavuma, ilhali gitaa hili la bei nafuu linanyamaza kwa wakati wake. Nililipatanisha katika G ya wazi, ambapo nyuzi zote sita zikipigwa bila kubonyezwa hutoa kodi kamili, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja, na kwa mtindo huu sikuona upungufu wowote wa maana.

Bukka White, mwanabluzi mwingine wa Mississippi, analitaka gitaa kwa namna nyingine, na hapa pia linafaulu. Yeye alipiga Duolian, gitaa la chuma ambalo National walianza kuliuza mwaka 1930 kwa watu wasio na fedha nyingi, na rekodi zake za Chicago za mwaka 1940 zilifanywa muda mfupi baada ya kutoka katika gereza la Parchman huko Mississippi. Kidole gumba chake ni ngoma. Kinagonga nyuzi za besi bila kupumzika huku chuma kikikwaruza juu, na mwendo wake unafanana na treni kiasi kwamba msikilizaji hahitaji kuelezwa. Binamu yake, B.B. King, alieleza kwamba mtikiso wa kidole uliompa umaarufu ulitokana na kujaribu kuiga mlio wa chuma hicho, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kukitumia. Katika gitaa la Kisumu, besi ya namna hii inatoka safi mradi mkono uwe mzito. Ukipiga kwa woga, koni haiamki.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea siku ambayo mzee mmoja wa Butere, mpigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, tangu ujana wake, alipoliomba alijaribu. Alirudisha nyuzi katika mpangilio wa kawaida, akakataa kipande cha chuma, akaanza kupiga kwa kidole gumba na cha shahada peke yake kama walivyopiga vijana wa Kakamega katika enzi ya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Baada ya nyimbo chache akaniambia, "Mwalimu, hili halitaki kipaza sauti." Alikuwa na haki. Katika omutibo kidole gumba hushikilia mapigo na cha shahada huimba, na kila noti inapaswa kutoka ikiwa imekatwa vizuri ili inayofuata isikike. Pembeni mtu mwingine hugonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Gitaa la kawaida la mbao huzama chini ya chupa hiyo mara tu watu wanapoanza kucheza. Koni ya alumini haikuzama, na noti zake fupi zilikaa katikati ya mapigo ya chupa bila kugongana nayo. Katika mwaka wa 1927 hakuna aliyelifikiria Khwisero, huko Kakamega, lakini kwa sikio langu huu ndio upigaji unaolifaa gitaa hili kuliko wote, na kama ningekuwa na duka ningeliuza kwa sababu hiyo tu.

Nililijaribu pia kwa benga. Matokeo ni ya wastani: ile mistari ya haraka ya gitaa la mbele, ambayo wapigaji wa Nyanza waliijenga juu ya mwendo wa nyatiti, kinubi cha Waluo, inahitaji nyuzi laini na shingo nyembamba, na shingo hii ni nene. Anayependa kulichukulia gitaa kama mpiga nyatiti anavyoichukulia ala yake, akitumia nyuzi nane pamoja na pete ya chuma mguuni inayogonga mbao, amsikilize Bob Brozman, Mmarekani aliyefariki mwaka 2013. Aliligonga gitaa mwilini, akakwaruza mfuniko wake, na akarekodi pamoja na wanamuziki wa mbali na nyumbani kwake, akiwemo René Lacaille wa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Ndiye mpigaji wa resoneta ambaye msikilizaji wa huku kwetu atamwelewa haraka zaidi, kwa kuwa kwake mapigo hutangulia na sauti tamu hufuata.

Sasa nije kwenye kasoro. Tampa Red alikuwa miongoni mwa wanabluzi weusi wa kwanza kurekodi kwa gitaa la National, mwaka 1928, na gitaa lake lilikuwa la koni tatu lililopakwa dhahabu. Yeye hakupiga kwa kishindo. Alichukua uzi mmoja, akautelezea kwa shingo ya chupa, akaufanya umalize sentensi ambayo sauti yake ilikuwa imeiacha katikati. Mwenzake katika rekodi zake maarufu za mwanzo alikuwa Thomas A. Dorsey, yuleyule ambaye baadaye aliacha bluzi za baa akawa baba wa muziki wa injili, na ambaye baada ya kufiwa na mkewe mwaka 1932 alitunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao makanisa mengi yanauimba hadi leo. Nilipojaribu kumfuata Tampa Red kwa gitaa hili, noti ilikufa kabla chuma hakijafika kilipokuwa kinakwenda. Si suala la mazoezi. Koni tatu hugawana mtikisiko na kuushikilia. Koni moja yenye biskuti huutupa wote nje mara moja. Kwa sababu hiyohiyo Sol Hoʻopiʻi, Mhawaii aliyeng'ara kwa koni tatu mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa noti nyepesi na za haraka ajabu, hafuatiki hapa hata kidogo.

Kuhusu kantri, ni vyema kwanza kutofautisha. Mlio mwingi wa kuteleza tunaousikia katika rekodi za kantri zinazopigwa redioni Jumapili ni wa gitaa la umeme la mezani lenye pedali, si wa resoneta. Dobro ni la mbao, hulazwa mapajani au hubebwa kwa mkanda likiwa limelala, nyuzi zikiwa zimeinuliwa juu kabisa ya shingo, na chuma kizito hushikwa mkononi. Mmoja wa waliolitangaza mapema ni Cliff Carlisle, aliyempigia nyota wa kantri Jimmie Rodgers katika rekodi za mwaka 1931. Rodgers huyo ndiye ambaye santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Kwa hiyo muziki huu si mgeni sana katika Bonde la Ufa kama wengine wanavyodhani.

Aliyemfuata Carlisle ni Josh Graves, ambaye alijiunga na Lester Flatt na Earl Scruggs mwaka 1955 na akachukua mtindo wa vidole vitatu ambao Scruggs aliutumia kwenye banjo, akauhamishia kwenye Dobro. Kabla yake Dobro lililia polepole. Baada yake liliweza kukimbia pamoja na fidla na banjo. Mike Auldridge wa kundi la Seldom Scene, lililoanzishwa mwaka 1971, aliusafisha mlio huo mpaka ukapoteza ukwaruzo wote, na nakiri kwamba mimi nauona safi kupita kiasi. Jerry Douglas, aliye pamoja na mwimbaji Alison Krauss tangu mwaka 1998, ndiye niliyemsikiliza zaidi ya wote. Watu husifu kasi yake. Mimi nasifu anavyonyamazisha: kiganja cha kulia hufunga noti wakati halisi mwimbaji anapovuta pumzi, chuma huinuliwa badala ya kuburutwa, na noti inayobaki ikivuma ni ile moja anayotaka ivume. Ukimya huo una thamani kwa sababu Dobro lake lingeweza kuendelea kulia. Gitaa la Kisumu hunyamaza lenyewe, kwa hiyo mkono hauna cha kuamua.

Duka hilo huuza kipande cha chuma cha kuinulia nyuzi karibu na kichwa ili gitaa lipigwe likiwa mapajani. Sishauri. Mpangilio wa Dobro ni G, B, D, G, B, D, ambao unazikaza nyuzi mbili za besi kuliko kawaida, na shingo ya mviringo haikuundwa kustahimili mkazo huo kwa muda mrefu. Magitaa ya mapajani yana shingo nene ya mraba kwa makusudi.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Vifunguo vya kukazia nyuzi vinateleza kidogo, hasa cha uzi wa tatu. Halina pikapu, yaani kinasa mlio cha umeme, hivyo kanisani litahitaji maikrofoni iliyoelekezwa ukingoni mwa mfuniko, si katikati ambako mlio unachoma masikio. Mfuko uliotolewa nalo ni mwembamba na haufai kwa safari ya bodaboda. Nyuzi ni tatizo kubwa zaidi: maduka mengi ya Kisumu na Kakamega huweka seti nyepesi za gitaa la umeme, ambazo chini ya chuma hugonga shingo na kulia ovyo. Uzi wa kwanza unapaswa kuwa wa unene wa inchi 0.014 au zaidi, na kwa kawaida itabidi uagize kutoka Nairobi. Unyevu wa ziwa huzipa kutu upesi, kwa hiyo zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Kabla ya kulipa, omba mfuniko ufunguliwe. Koni inapaswa kukaa sawa kwenye ukingo wake pande zote, isiwe na mkunjo, na biskuti iwe katikati ya kilele. Skrubu za mfuniko zisikazwe mno, kwani zikikazwa mfuniko hupinda na kuleta mkwaruzo wa sauti ambao wengi huudhania ni kasoro ya nyuzi. Mhudumu wa duka hilo alikubali bila ubishi na akatumia bisibisi yake mwenyewe. Koni ya gitaa nililochukua ilikuwa imekaa vizuri. Ya gitaa lililoning'inia kando yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, na bei yao ilikuwa sawa.