Betri tatu kwenye pikipiki ya cc 650 isiyo na kiki: ipi inaamka asubuhi ya Kitulo

Nianze na hukumu. Kama pikipiki yako ni ya silinda moja kubwa, haina kiki, na njia zako ni hizi za Mbeya, Njombe na Makete, funga betri ya saizi ya YTZ10S. Ya bei poa iache dukani. Litiamu waachie watu wa pwani.

Pikipiki niliyojaribia ni Suzuki DR650SE: kipenyo cha silinda milimita 100, mwendo wa pistoni milimita 82, jumla cc 644. Kiwandani inatoka na mgandamizo wa 9.5:1, ila hii ina pistoni ya 10.5:1. Kiki hakuna, kwa hiyo selfu ikigoma ni kusukuma, na kusukuma dude hili kwenye tope la Isyonje ni adhabu. Ukilazimika, usitumie gia ya kwanza, tairi la nyuma litaburuza tu. Tia ya pili au ya tatu, pata mteremko, kalia kiti kwa uzito wote ndipo uachie klachi.

Dukani wanauliza, "Unataka ya Ah ngapi?" yaani ampea-saa, kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Kwa pikipiki ya cc 125 swali hilo linatosha. Kwa injini kubwa angalia CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwenye baridi kali kwa sekunde 30 bila volti kuporomoka. Saizi ya kiwandani ya DR650, YTX9-BS, ina Ah 8 na CCA kati ya 120 na 135 kutegemea orodha unayosoma. YTZ10S ina Ah 8.6, karibu sawa, lakini CCA yake ni 190. Hapo ndipo tofauti ilipo. Stata ya silinda kubwa inavuta zaidi ya ampea 100 pale inapoanza kuipandisha pistoni, na ikikosa nguvu, pistoni inafika juu kwa kusuasua. Cheche ikipiga kabla haijavuka, injini inarudi kinyume. Utasikia "klak!" moja nzito upande wa stata. Mlio huo ni gia za stata zinaumia, na bei ya gia hizo inanunua betri kadhaa.

Kuhusu mwinuko, watu wanachanganya. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, Kitulo ni zaidi ya 2,600. Hewa ikiwa nyepesi, silinda inabana hewa kidogo kuliko ingekuwa Dar, kwa hiyo mzigo wa stata unapungua kiasi. Adui ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti Kitulo inashika barafu alfajiri. Oili inakuwa nzito kama asali na betri ya risasi, yaani ya kawaida ya asidi kama YTX9 na YTZ10S, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwa wakati uleule. Oili ya 20W-50 iliyozoeleka madukani inaongeza mzigo bila sababu. Kubadilisha kwenda 10W-40 peke yake kulinipa kama nusu volti wakati wa kupiga selfu.

Kipimo nilichotumia ni hiki: mita kwenye vichwa vya betri, taa zimezimwa, pikipiki imelala nje usiku kucha huko Matamba, Makete, halafu selfu sekunde tatu huku nikisoma volti. Ikishuka chini ya 9.6, betri hiyo haina kazi kwenye injini hii. Ninapenda ibaki juu ya 10.

Betri ya kwanza, ile ya bei poa, saizi ya YTX9 ya chapa nisiyoitaja, ilisoma 8.7. Sehemu ya kosa ilikuwa ya kujaza. Betri hizi huja kavu na chupa zake za asidi. Fundi anamimina, anabana kifuniko, anakukabidhi uondoke. Betri iliyojazwa hivyo iko kwenye asilimia 80 tu na haitapanda tena vizuri. Njia sahihi: pindua chupa zote bila kubandua karatasi ya juu, acha mpaka asidi yote iingie, subiri angalau nusu saa, weka kifuniko bila kukibana, chaji kwa ampea 0.8 hadi 0.9 kwa saa kadhaa, ndipo ubane. Baada ya hapo haifunguliwi tena wala haiongezwi maji. Ya pili ya chapa ileile niliijaza kwa utaratibu huo. Ikasoma 9.2. Bado haifai.

Litiamu ilinivutia kwa uzito. Unaiinua kwa vidole viwili. Uwanjani Soweto, hapa Mbeya mjini, mchana ilizungusha injini kuliko zote. Matamba alfajiri, selfu ya kwanza ilitoa mguno tu, 8.9. Seli za LiFePO4, aina ya litiamu iliyomo humo, zikipoa hazitoi ampea mpaka zipate joto, na joto linatokana na kuzitumia: unawasha taa kubwa dakika moja au mbili, unapiga selfu fupi, unasubiri, unapiga tena. Selfu ya tatu ilisoma 10.9 na injini ikawaka. Inafanya kazi, ila kila asubuhi ni ibada. Tena namba ya Ah kwenye kibandiko mara nyingi ni ya "sawa na risasi", halisi ni ndogo sana, kwa hiyo ukisahau ufunguo umewashwa inaisha upesi, na ikiisha kabisa seli zinaharibika. Chaja ya kawaida yenye hatua ya kuvunja salfa usiiguse nayo.

YTZ10S niliyofunga ni ya Yuasa, inakuja imejazwa tayari. Kabla ya kulipa omba mita: ikiwa chini ya volti 12.4 imekaa sana rafuni, chagua nyingine. Alfajiri ileile Matamba ilisoma 10.3 na injini ikashika kwenye mzunguko wa pili, choki imevutwa yote.

Kufunga ni rahisi. Urefu na upana ni sawa na YTX9, milimita 150 kwa 87, ila kimo ni 93 badala ya 105. Pengo la milimita 12 nimelijaza kwa kipande cha soli ya katambuga. Usipojaza, betri inaruka ruka kwenye barabara ya vumbi na sahani za ndani zinapasuka. Hakikisha chanya iko upande uleule kabla ya kutoka dukani. Nati za vichwani huwa zinadondoka chini kila ukitaka kuingiza boliti, kwa hiyo sokomeza kipande cha mpira wa tyubu chini yake kiiinue. Chanya kwanza wakati wa kufunga, hasi kwanza wakati wa kufungua. Usikaze kwa hasira, risasi ni laini.

Kabla hujaisema betri vibaya, pima waya. Weka mita kati ya kichwa hasi na mwili wa injini, piga selfu: ikizidi volti 0.3, kuna kutu kwenye boliti ya hasi. Yangu ilikuwa 0.6. Msasa na mafuta mazito kidogo, ikashuka hadi 0.1, bila kununua chochote. Upande wa chanya, kuanzia betri kupitia relei mpaka stata, nusu volti ndiyo mwisho.

Injini ikiwaka, kwenye mizunguko 5,000 chaji yangu inasoma 14.3. YTZ10S hii imemaliza vipupwe viwili. Jana asubuhi, baada ya siku tisa bila kuwashwa, ilisimama kwenye 12.8.