Kupunguza mng'ao kwenye mashine ya pinboli: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ukizima taa zote za chumba ukidhani mng'ao utaondoka, mara nyingi utaona kinyume chake. Kichwa cha mashine, lile sanduku la wima lenye picha na alama za mchezo, kinabaki kikiwaka peke yake gizani, na picha yake yote inalala juu ya kioo kinachofunika uwanja, yaani ule ubao wa mshazari ambapo gololi hukimbia, juu chini. Gololi inapanda kwenye njia za juu, inaingia ndani ya ile picha, inapotea, kisha inashuka katikati ya flipa mbili, vile vikono vya chini vya kuipigia, kabla macho hayajaipata. Nilicheza hivyo majira mazima ya baridi kwenye chumba cha chini ya nyumba yetu hapa Illinois. Nilibadilisha raba za flipa, nikasafisha uwanja, nikapima upya mwinamo wa mashine, kumbe kilichohitaji kushughulikiwa ni kioo.

Haya ni maoni ya mtu anayecheza nyumbani, usiku, chumba kikiwa na giza. Bei ni za dola kwa sababu bidhaa zenyewe huuzwa zaidi Marekani, na mji wa Chicago ndio kitovu cha pinboli tangu enzi za kampuni za Gottlieb, Bally na Williams hadi Stern ya leo. Nimepanga kwa jinsi kila kimoja kilivyoyasaidia macho yangu, si kwa bei. Kama una chini ya dola 50, ruka moja kwa moja hadi namba mbili.

Jaribio la kioo kidogo, kabla hujatoa hata senti

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kilaze juu ya kioo cha mashine pale mng'ao unapokukera, kisha simama mahali pako pa kuchezea, mikono kwenye vitufe. Utakachokiona ndani ya kile kioo kidogo ndicho chanzo. Kisogeze sehemu ya juu ya uwanja, katikati, kisha karibu na flipa. Juu utaona kichwa cha mashine yenyewe, karibu kila mara. Katikati unaweza kuona ukuta wa mbele yako au taa ya darini. Karibu na flipa utaona dari iliyo juu ya utosi wako. Ukiwa na mashine nyingine iliyopangwa pembeni, nayo huingia kwa ubavuni.

Dirisha lililo mgongoni mwako halitui kwenye kioo cha uwanja, linatua kwenye picha ya kichwani. Kuna watu wamenunua mapazia mazito ya dirisha hilo na gololi wameendelea kutoiona.

Sababu yake ni hii. Kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande wake, yaani kama 8 kwa pande zote mbili, ukikitazama wima. Ukikitazama kwa mshazari, kama unavyolazimika kufanya kwa sehemu ya juu ya uwanja, kiasi hicho hupanda hadi karibu mara mbili. Mchana hutaona tofauti kubwa. Usiku mboni zimepanuka, uwanja wa mashine ya zamani una mwanga hafifu, na kile kipande kidogo cha mwanga wa kichwani kinatosha kuushinda. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu ya kulipia: kupunguza kinachoakisiwa, au kuongeza mwanga chini ya kioo. Bidhaa isiyofanya mojawapo usiinunue, isipokuwa ile ya namba nne, ambayo kazi yake ni kuyapumzisha macho.

1. Kioo kisichoakisi

Hiki ndicho ningenunua kwanza kwa mashine ninayokusudia kukaa nayo miaka. Ni kioo kigumu cha usalama kama kile cha kawaida, ila kimepakwa tabaka jembamba sana pande zote mbili, la aina ileile inayopakwa kwenye miwani ya macho ya kisasa. Mwakisiko unashuka kutoka asilimia 8 hadi karibu asilimia 1 au 2. Siku ya kwanza mwanangu aliinua mkono kugusa uwanja akidhani sijarudisha kioo.

Majina utakayokutana nayo ni PDI, Invisiglass, na kile ambacho Stern wenyewe hukiuza kwa jina la HD. Mimi nimecheza kwenye aina mbili kati ya hizo, na gizani sikuweza kuzitofautisha, kwa hiyo nenda na chenye bei nafuu kinachopatikana karibu nawe. Tarajia kulipa zaidi ya dola 200, wakati kioo cha kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kabla ya kulipa, chunguza kama mashine yako tayari inacho. Matoleo ya juu ya Stern, yale ya idadi maalumu, huja nacho kiwandani, na mnunuzi wa pili mara nyingi haambiwi.

Pima. Mashine nyingi za Bally, Williams na Stern hutumia kioo cha inchi 21 kwa 43, unene wa inchi 3/16, yaani kama sentimita 53 kwa 109 na unene unaokaribia milimita 5. Zile zenye uwanja mpana huhitaji kioo kipana zaidi, kwa kawaida inchi 23 na robo tatu. Kioo kigumu hakikatwi wala hakipunguzwi baada ya kutoka kiwandani. Ukikosea kipimo umenunua mapambo.

Usafirishaji ndio unaouma. Kioo kimoja kinakuja kwenye kasha kubwa, na nauli inaweza kukufanya usitishe oda. Njia bora niliyoiona ni kuagiza mapema kwa muuzaji atakayekuwa kwenye maonyesho na kukichukua mkononi. Pinball Expo hufanyika kila mwaka kandokando ya Chicago tangu 1985, na wauzaji wa vipuri hujaa pale. Kioo changu cha kwanza nilikiagiza kwa njia ya posta, kikafika vichembe, na ilinichukua wiki sita kupata kingine. Kasha likifika, lifungue mbele ya aliyelileta.

Kina kasoro mbili. Alama za vidole huonekana zaidi kuliko kwenye kioo cha kawaida, kwa hiyo weka kitambaa laini karibu na uwaambie watoto wasiegemee. Na hakifuti kila kitu: pembeni kabisa utaona kivuli cha kijani au zambarau cha picha ya kichwani. Hakitii macho kiwi, lakini kipo.

2. Balbu za kichwani

Nafasi ya pili kwa ubora, ya kwanza kwa thamani ya pesa. Kama mashine yako ni ya kabla ya skrini kubwa, nyuma ya picha kuna balbu kadhaa. Nyingi za Bally na Williams hutumia balbu ndogo za volti 6.3, namba 44 au 47, au zile zisizo na shina la chuma, namba 555. Namba 47 hula umeme kidogo kuliko 44 na mwanga wake ni mpole zaidi. Kwa wenye 44, kubadilisha tu kwenda 47 ni hatua.

Wengi siku hizi huweka LED, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Wananunua LED nyeupe kali, zenye kichwa cha wazi, kisha wanazijaza kichwani kwa sababu picha inapendeza kwenye simu. Hizo ndizo taa zitakazolala kwenye kioo chako. Kwa kichwa chagua LED ya rangi ya joto, yenye kifuniko cha ukungu, na yenye nguvu ndogo kabisa wanayouza. Zile kali zipeleke uwanjani. Comet Pinball na CoinTaker huuza aina zote kwa bei ya chini ya dola moja au mbili kwa balbu, ukinunua kwa wingi. Kama mashine ni ya zamani na taa zake zinaendeshwa kwa mkondo geugeu (AC), lipia zile zilizotengenezwa zisipepese. Nusu saa ya taa inayopepesa huleta maumivu ya kichwa.

Kuna faida nyingine ambayo mwenye mashine ya miaka ya 1960 au 1970 ataithamini: picha za kichwani za enzi hizo zilichapwa kwa rangi juu ya kioo chenyewe, na joto la balbu za zamani huibambua rangi hiyo. LED haina joto la kiasi hicho. Rangi ikishabambuka hairudi.

Jambo la bure kabisa: chomoa balbu mbilitatu za safu ya chini nyuma ya picha. Jaribu, simama, tazama. Zima mashine kwanza na uchomoe waya ukutani. Kwenye mashine mpya pitia menyu ya mipangilio utafute ukali wa mwanga wa kichwani na wa skrini.

Skrini zenyewe zimebadilisha hesabu. Kampuni ya Jersey Jack walitoa mashine yao ya kwanza mwaka 2013 ikiwa na skrini ya inchi 26 kichwani, na Stern nao wakahamia kwenye skrini za rangi mwaka 2016. Skrini ya aina hiyo huwezi kuichomoa balbu. Mwenye mashine ya namna hii arudi namba moja bila kusita.

3. Taa za uwanjani

Mashine nyingi za miaka ya 1990, hata ile ya The Addams Family ya Bally iliyouzwa zaidi ya 20,000 tangu 1992, zina pembe zenye giza juu ya uwanja. Ukiongeza mwanga hapo, mwakisiko unafifia bila kuguswa. Kuna seti za ukanda wa LED zinazobandikwa kwenye kuta za ndani, chini ya kioo. Pin Stadium ndiyo inayojulikana zaidi, na si ya bei nafuu. Zinafanya kazi kweli. Shida yake ni kishawishi cha kuziongeza hadi mwisho. Gizani taa kali inayokutazama moja kwa moja kutoka ukutani inatia kiwi kuliko mwakisiko wowote, na rangi za uwanja zinapauka. Nunua seti yenye kidhibiti cha mwanga, ianzie chini, na uelekeze mwanga uwanjani, si machoni.

Kama hutaki gharama hiyo, balbu mbili za LED zenye shingo inayopinda, zikiwekwa kwenye soketi zilizopo karibu na flipa, zitakupa nusu ya faida.

4. Taa nyuma ya mashine

Ukanda wa LED wa rangi ya joto, wenye swichi ya kupunguza mwanga, ubandikwe nyuma ya kichwa uangaze ukuta. Hauondoi mwakisiko. Unachofanya ni kuzuia mboni zisipanuke kupita kiasi, na macho yanachoka taratibu zaidi. Kwa dola 20 hivi sijutii hata kidogo. Hakikisha ukanda wenyewe hauonekani ukiwa umesimama kwenye vitufe. Ule mwanga wa ukutani tu ndio unaoutaka.

5. Kizuizi cheusi chini ya picha

Ni kipande cha plastiki nyeusi isiyong'aa kinachochomoza mbele, chini ya picha ya kichwani, kama ukingo wa kofia. Huzuia mwanga wa picha usishuke kwenye kioo. Kwa mtu mfupi kinasaidia vizuri. Mke wangu anakipenda. Kwa mtu mrefu kinaziba alama za mchezo. Kata kwanza cha boksi, ukijaribu kwa siku mbili, kabla ya kununua.

6. Miwani ya kukata mng'ao

Miwani ya polaroidi, ile wanayovaa wavuvi ili waone chini ya maji, hukata mwanga ulioakisiwa na kitu kilicholala. Kioo cha mashine kimelala, na pembe unayoitazamia sehemu ya juu ya uwanja ni karibu kabisa na ile ambayo miwani hii hufanya kazi vizuri zaidi. Nilipoivaa mara ya kwanza nilishangaa. Lakini ni miwani ya jua: inapunguza mwanga wote, uwanja nao unafifia, na skrini ya kichwani inaweza kuwa nyeusi ukiinamisha kichwa. Ichukue unapokwenda kucheza kwenye mashine ya mtu mwingine, ambayo huwezi kuigusa.

Vya kuacha dukani

Kioo cha ukungu, kile cha fremu za picha, kinauzwa kwa maneno yanayofanana sana na ya kioo kisichoakisi. Hakiondoi mwanga, kinautawanya tu. Picha ikigusa kioo haina neno. Uwanja wa pinboli uko sentimita kadhaa chini yake, kwa hiyo gololi inakuwa kama unaitazama kupitia moshi. Muulize muuzaji swali moja: kimepakwa tabaka, au kimekwaruzwa? Kikiwa kimekwaruzwa, rudisha pochi mfukoni.

Filamu za kubandika nazo siziungi mkono. Viputo vya hewa hubaki, kingo hubanduka pale kioo kinapoteleza kwenye reli, na utakivuta kioo hicho mara nyingi kila unaposafisha uwanja.

Na utakapokivuta: fungua mlango wa sarafu, achia kifungio cha ndani, inua chuma cha mbele, kisha vuta kioo kwako taratibu kwa mikono miwili. Kilaze kitandani au juu ya zulia. Usikisimamishe kwa ukingo kwenye sakafu ya saruji au vigae hata kwa dakika moja, maana kioo kigumu hustahimili pigo la gololi usoni, lakini pigo dogo la kona hukisambaratisha chote mara moja.