Kozi ya wiki moja ya kurusha glaida Ujerumani: maoni ya mwalimu kutoka Tanga

Nianze na hukumu yangu: kozi hii inafaa, na nikipata nafasi nitailipia tena. Ila anayekwenda akidhani atashinda angani kutwa atarudi na uchungu. Pesa yako inanunua zamu, mwalimu mvumilivu na siku ndefu ya kazi kiwanjani. Dakika za kuruka ni chache, na ni tamu mno. Walimu wenzangu hapa Tanga wamekuwa wakiniuliza, na vijana wao wenye ndugu Ulaya pia, kwa hiyo naandika niliyoyaona, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Nilijifunzia kwenye klabu ya kijiji kimoja upande wa Fulda, katikati ya Ujerumani, mji ambao mdogo wangu anafanya kazi ya uuguzi. Jina la klabu siliandiki. Klabu kama hizi zimetapakaa nchi nzima na nyingi zinaendeshwa kwa mtindo ule ule: walimu hawalipwi mshahara, wanachama wanajitolea, na ndiyo maana bei inavumilika. Mwalimu wangu alikuwa mhandisi mstaafu. Mimi nilimwita Mzee, akauliza maana yake, na baada ya hapo klabu nzima wakamwita hivyo.

Saa tatu asubuhi mnakaa kikao cha hali ya hewa. Kisha mnafungua banda na kuzitoa ndege moja moja kwa mikono, mtu mmoja kwenye ncha ya bawa, wengine wakisukuma. Ndege ya wanaoanza ilikuwa ASK 21, yenye mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma, na kila mpini wa kwako yeye anao wa kwake. Hutengenezwa Poppenhausen, mji mdogo wa eneo hilo hilo. Katika hewa tulivu, kwa kila mita moja inayoshuka inaweza kwenda mbele mita 34. Nilipoambiwa hesabu hiyo ndipo nikaacha kuogopa neno "bila injini".

Baada ya hapo ni kazi. Mmoja anaandika muda wa kuruka na kutua, mwingine anaendesha gari kuukuu la kurudisha ndege iliyotua, mwingine anazileta kamba kutoka kwenye winchi, mashine ya injini inayokunja kamba kwa kasi ili kuivuta ndege hadi ipae. Nilipewa daftari la muda, na kwa wiki ile nilijua namba za Kijerumani kuliko maneno yake mengine yote. Wapo waliolalamika kwamba wamelipa ili waruke, wao wanafanyishwa kazi. Mimi naona kazi hiyo ni nusu ya somo. Ukishatazama watu wengi wakitua, ukiwa umesimama pembeni na daftari, unaanza kujua mapema nani anakuja juu mno na nani kachelewa kugeuka.

Sasa winchi. Iko mwisho wa kiwanja, karibu kilomita moja mbele yako, na kamba imelala majani yote hayo hadi chini ya tumbo la ndege. Mtu anainua ncha ya bawa ili mabawa yawe sawa. Kamba inavutwa polepole mpaka ikaze, halafu inakuja nguvu. Ndani ya sekunde chache mwendo umepita kilomita 90 kwa saa, mgongo umegandamana na kiti, pua imeelekea juu na mbele huoni ardhi, ni mbingu tu. Kwenye kamba kuna kipande cha chuma kilichofanywa dhaifu kwa makusudi, ili nguvu ikizidi kikatike chenyewe kabla ndege haijaumia. Mzee alinipa kipande hicho nikishike kabla sijapanda, akanieleza tutafanya nini ikitokea kamba imekatika tukiwa mita 50, tukiwa mita 100, tukiwa mita 200. Aliyarudia hayo kila tulipojiandaa kuruka, hata pale nilipokuwa nayajua kwa moyo. Mwalimu asiyekuambia hayo kabla ya kufunga kioo, shuka.

Mkifika kama mita 400 pua inashushwa, unavuta kitufe cha njano, kamba inaachia. Hapo ndipo niliposikia upepo wenyewe, unapita kwenye kioo bila mngurumo wa kitu kingine. Hewa isipokuwa na msaada, dakika tano au sita mko chini tena.

Mikononi ndiko nilikojifunza zaidi. Juu ya kioo, mbele ya macho, umebandikwa uzi mwekundu wa sufu. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani na ndicho nilichokitazama kuliko vyote. Ukigeuza ndege kwa mkono pekee, bawa linaloinuka linavutwa nyuma na hewa, pua inakimbilia upande usioutaka, na uzi unalala pembeni. Ukiongeza mguu kwa kipimo chake, yaani ukikanyaga pedali ya usukani wa mkia, uzi unanyooka. Baba yangu alikuwa nahodha wa ngalawa pale Sahare, na nilikua nikimwona akitazama kitambaa alichofunga juu ya mlingoti huku mkono wake ukiusogeza usukani kidogo kidogo bila yeye kuuangalia. Uzi ule ulinitaka mkono wa namna hiyo. Mzee hakupiga kelele. Alisema "mguu", akanyamaza, akangoja. Nikichelewa alisema tena "mguu", kwa sauti ile ile. Nimefundisha miaka mingi na najua ilivyo shida kungoja namna hiyo wakati mwanafunzi anayumba, sembuse mkiwa hewani.

Siku ya jua zuri ilikuja katikati ya wiki. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Ubaoni huwa nachora ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake ikipanda, ikipoa karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 100, hadi mvuke wake unageuka wingu. Siku hiyo nilikaa ndani ya mchoro wangu. Tulipita juu ya shamba lililokwisha kuvunwa, kiti kikanisukuma kutoka chini, na variometa, kifaa kinachoonyesha unapanda au unashuka kwa kasi gani, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mshale ulisimama kwenye mita mbili kwa sekunde. Mzee akaniambia nigeuze kushoto nisiache. Tukazunguka, tukazunguka, kijiji kikawa kidogo, na tumbo la wingu, bapa na la kijivu, likawa linatukaribia. Hakuna kilichotuvuta. Ni jua lililoipasha moto ardhi, basi. Tulikaa juu zaidi ya nusu saa, na nilipotua miguu ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Korongo weupe husafiri kwa hewa hiyo hiyo kutoka Ulaya hadi huku kwetu Afrika Mashariki, na huikwepa bahari ya Mediterania kwa kuzungukia Bosporus kule Uturuki na Sinai kule Misri, maana juu ya maji hewa haipandi vya kuwatosha. Nilikuwa nayajua hayo kwa kuyasoma. Siku hizi nikipita Korogwe mchana nikaona mwewe wanazunguka juu ya mashamba ya mkonge, nasimamisha gari.

Kutua kunahitaji akili iliyotulia, kwa sababu glaida ikishaanza kuja chini hairudi juu kujaribu tena. Hesabu inaanza ungali kama mita 200, kiwanja kikiwa ubavuni na upepo nyuma yako. Unageuka, unageuka tena, unaukabili upepo, halafu unafungua breki za hewa, vibao vinavyochomoza kwenye mabawa ili ndege ishuke upesi, kwa mpini wa bluu, kidogo au sana kulingana na unavyoona. Mwanzoni Mzee alitua mwenyewe. Mwisho wa wiki nilishusha mimi, mikono yake ikiwa tayari.

Kwa wanawake wenzangu, haya hayamo kwenye tangazo lolote. Kila anayeruka alivaa parachuti, na mikanda yake inapita kwenye mapaja, kwa hiyo dera au baibui havitawezekana. Nilivaa suruali pana na shati refu. Mtandio niliuchomekea wote ndani ya kola, usibaki upande wa kupeperuka. Mimi ni mwembamba, na kiti cha mbele kina kiwango cha chini cha uzani, hivyo wakanifungia vipande vya madini ya risasi mbele ya miguu ili kuongeza uzani, jambo la kawaida kwao. Nilipoomba mahali pa kuswali adhuhuri walinifungulia darasa na kuhamisha viti. Jioni wanachoma nyama, nyingi ya nguruwe, basi nilikula pilau ya mdogo wangu.

Yaliyoniudhi. Tangazo lao lilisema kozi ni ya Kiingereza. Mzee alizungumza Kiingereza safi, lakini kikao cha asubuhi, redio na karatasi zote vilikuwa kwa Kijerumani, na ilinibidi kumwomba jirani anitafsirie. Kwenye redio si jambo la kupuuza, ni usalama wa mtu. La pili, kulikuwa na ada ya uanachama wa muda ambayo nilitajiwa nilipofika, baada ya kulipa kozi. Haikuwa kubwa, ila mtu aliyebadilisha shilingi zake kwa mahesabu anastahili kuambiwa mapema. Mvua siwalaumu. Ilinyesha, tukakaa darasani, na hatukudaiwa ada ya winchi kwa siku ambazo hatukuruka.

Mvua hiyo ndiyo iliyonipeleka Wasserkuppe, mlima wa mita 950 ulio mwendo mfupi kwa gari kutoka Fulda. Ukienda upande huo usiuache. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini, na mwaka 1920 vijana wakapanda mlima huo kushindana kwa ndege zisizo na injini. Mwaka 1922 Arthur Martens alikaa hewani zaidi ya saa moja kwa glaida iliyoitwa Vampyr. Juu kule kuna jumba la makumbusho la glaida, na nilisimama kwa muda mrefu mbele ya mabawa ya mbao na kitambaa, nikiangalia jinsi yalivyo membamba.

Usitegemee kurudi na leseni. Kanuni za Ulaya zinataka angalau saa 15 za mafunzo na kurushwa na kutua mara 45, pamoja na safari ya masafa, na wiki moja haifiki popote karibu na hapo. Kuruka peke yako kunahitaji pia cheti cha daktari wa anga, ambacho mwanafunzi anayeruka na mwalimu haombwi. Kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuruka peke yake kule mwalimu wake akiridhika, na nilimwona msichana wa umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili akitua vizuri kuliko watu wazima.

Chagua klabu yenye winchi. Kuvutwa na ndege ya injini kunakufikisha juu zaidi, lakini kila safari ni ghali mara kadhaa, na anayeanza anahitaji kutua mara nyingi kuliko kukaa juu. Nenda kati ya Mei na Agosti. Waandikie mapema, uulize kwa maandishi: ada zote ni zipi, redio na vikao ni lugha gani, kiti cha mbele kinataka uzani gani, na wanafunzi wangapi wanagawana ndege moja. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua utaruka mara ngapi kwa siku.

Na bima. Ile ya viza ya Schengen lazima ifike euro 30,000 za matibabu, lakini bima nyingi za safari zinaitoa nje michezo ya anga, na maneno hayo yameandikwa kwa herufi ndogo kurasa za nyuma. Nilimwomba wakala wangu aniongezee kifungu kinachotaja glaida kwa jina, akakiandika na kugonga muhuri kabla sijaondoka Tanga.